Moja Kumi na Saba

Ustadh Bayumi Abdelshafi alikuwa karani wa mahakama ya Minya, mji wetu huku Misri, kwa miaka thelathini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akifuta neno. Kalamu ikiteleza, aliandika ukurasa mzima upya, hata kama ulikuwa wa mwisho wa siku na mawakili wamekwisha simama mlangoni wakitazama saa zao. Ukurasa wenye doa, kwake yeye, haukuwa ukurasa. Mahakimu walimpenda. Mawakili walimwita Bwana Upya nyuma ya mgongo wake, na alijua. Alistaafu bila kupanda cheo hata ngazi mbili, maana watu wa aina yake hupongezwa sana na kupandishwa kidogo.

Laiti baba yake asingekufa mapema, angekuwa mtu mwingine. Shuleni alikuwa wa kwanza kwa hesabu, na mwalimu wao alikuwa akimwambia waziwazi kwamba atafika chuo kikuu. Mwaka aliotimiza kumi na saba baba akaanguka shambani wakati wa kuchuma pamba, hakuamka, na Bayumi akatolewa darasani akaenda kunakili hati za kesi ili mama na dada zake wale. Siku ya kuagana mwalimu alimpa kitabu cha hesabu kilichokwisha poteza jalada na robo yake ya mwisho. Hicho ndicho kilichokuwa chuo kikuu chake. Sisi wa Minya tuna watu wengi wa namna hiyo, waliobaki na robo tatu ya kitu, ila wengi husahau wakaendelea na maisha. Yeye hakusahau.

Katika kitabu kile alikutana na namba tasa, zile zisizogawanyika kwa chochote ila kwa moja na kwa zenyewe. Saba ni tasa, kumi na moja ni tasa, mia na tatu ni tasa. Ndogondogo hizo kila mwanafunzi anazijua. Bayumi alishikwa na zile zinazoandikwa kwa moja tupu. Mia moja na kumi na moja si tasa, tatu inaigawa. Ile ya moja tano aliipasua, ya moja saba akaipasua, ya moja kumi na moja ikamla majira mawili ya joto lakini nayo akaipasua, na ya moja kumi na tatu pia. Kila mara alipata namba ndogo inayoigawa bila kubakiza kitu. Ile ya moja kumi na saba ikamkatalia. Kwa tarakimu zetu moja ni mstari uliosimama, basi ukiziandika kumi na saba kwa safu unapata ua wa fito, na ndivyo mkewe, Insaf, alivyoiita.

"Umerudi kwenye ua wako, baba Afkar?" alikuwa akimwuliza kila alasiri. "Hebu nionyeshe mbuzi uliowafungia humo."

"Ningekuwa na mbuzi ungenipa amani?"

"Ningekamua, angalau."

Afkar alikuwa binti yao wa pekee. Alirithi kichwa cha baba yake, akasoma hadi akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, na ndiye pekee katika nyumba ile, pengine katika mji mzima, aliyeelewa kwamba baba yake hachezi. Mtu huyu alikuwa amenakili maneno ya watu wengine maisha yake yote: viapo vya wezi, hukumu za mahakimu, vilio vya wajane. Alitaka kitu kimoja cha kweli kitoke mkononi mwake mwenyewe kabla ya kufa. Kimoja tu.

Kitabu kilikuwa na njia ya mkato ya kuipima namba kubwa bila kuigawa kwa kila kitu. Unachukua namba ndogo yoyote, ambayo Ustadh Bayumi aliiita shahidi, unaizidisha kwa yenyewe mara nyingi mno kwa utaratibu maalumu, kisha unagawa kwa ile kubwa unayoipima. Kubwa ikiwa ni tasa kweli, baki itakuwa moja. Alimchagua kumi, kwa sababu kuzidisha kwa kumi ni kuongeza sifuri tu. Baki ikawa moja. Akarudia mara tatu, moja. Aliandika karatasi tisa safi kabisa, akazituma chuo kikuu Kairo, na baada ya miezi mitano, mwaka wa sitini na sita, ikaja barua fupi ya kumwita. Insaf akapiga suti pasi mara mbili. Majirani walimsindikiza hadi kituo cha treni, wakimtania kwamba akirudi atakuwa pasha, bwana mkubwa wa kupigiwa saluti.

Daktari Labib, mwalimu wa chuo aliyewapokea yeye na Afkar, alikuwa kijana kuliko walivyotarajia. Alisoma karatasi zile akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Ustadh, hati yako inashinda ya chuo kizima."

"Mungu akuweke, Daktari."

"Nikuulize kitu. Kwa nini kumi?"

"Ni nyepesi. Unaongeza sifuri tu, unakwenda zako."

"Ni kweli. Lakini hii namba yako imejengwa kwa kumi tupu. Moja, na kumi, na mia, na elfu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ni damu moja, Ustadh. Kumi angeshuhudia vilevile hata kama namba si tasa. Hana namna ya kusema vingine."

Ustadh Bayumi aliivuta karatasi ya kwanza karibu na uso wake. Afkar alijua baba yake anafikiria nini. Mahakamani, swali la kwanza analoulizwa shahidi baada ya jina lake ni hili: una undugu gani na mwenye kesi? Baba yake alikuwa ameliandika swali hilo maelfu ya mara, kwa mkono wake mwenyewe, na hakulikosa hata siku moja. Lakini kumi, shahidi wake mwenyewe, hakumwuliza.

"Basi haina ushahidi," alisema hatimaye.

"Zaidi ya hapo. Niwie radhi, mzee wangu. Namba hii inagawanyika. Inajulikana Ulaya tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Inagawanywa na..."

"Usiitaje!"

Mzee aliinuka wima. Katibu wa Daktari akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Nisamehe," Ustadh Bayumi alisema, akakaa. "Nakuomba usinitajie. Niambie kitu kimoja tu. Mtu mmoja mwenye kalamu anaifikia?"

Labib alimtazama, akaitazama miwani yake nene. "Mwenye subira anaifikia. Miaka mitatu. Labda minne."

"Inatosha."

Haikutosha sana, na Afkar alijua. Mwaka uliotangulia daktari wa macho alikuwa amemwambia baba yake kwamba ana presha ya macho, na kwamba itakula mwanga taratibu kuanzia pembeni mpaka ifike katikati. Ndiyo maana, wakati baba yake anatafuta kofia yake, Afkar alimfuata Labib ukumbini na kumwuliza ni namba gani. Hakutaka kuijua kwa tamaa. Alitaka kupiga hesabu ya macho ya baba yake. Labib akaiandika nyuma ya pakiti ya sigara: milioni mbili, elfu sabini na moja, mia saba ishirini na tatu. Afkar akaisoma mara moja, akaichana pakiti vipande vipande. Tangu siku hiyo hakulala usiku hata mmoja bila kuiona.

Ndani ya treni baba yake alisema neno moja tu kutoka Kairo hadi Beni Suef.

"Undugu," alisema, akatikisa kichwa.

Kuanzia hapo nyumba ikaingia katika ratiba. Kitabu kilimfundisha kwamba namba yoyote inayoweza kuigawa ile ya moja kumi na saba lazima, ukiipunguza moja, igawanyike kwa thelathini na nne. Hilo lilimpunguzia kazi, lakini bado zilibaki maelfu. Afkar alimwandalia orodha, akachuja zisizo tasa, daftari baada ya daftari. Ya kwanza ilikuwa mia na tatu. Kila alasiri, akitoka shule na baba yake akiwa amekwisha kula, Afkar alimsomea namba na yeye akagawa, kumi kwa siku, mara nyingine kumi na mbili. Kila hesabu aliipima kwa mizani ya tisa, kama alivyofundishwa shuleni: unajumlisha tarakimu za kila upande, unatupa tisa kila zinapojitokeza, na pande zote mbili zikilingana hesabu imekubali. Ukurasa ulibeba hesabu sita, na chini yake aliweka sahihi.

Vita vya mwaka wa sitini na saba vilimkuta kwenye laki moja na kitu. Vioo vya mji vikapakwa rangi ya buluu ili ndege za adui zisione taa, watu wakalia barabarani, na yeye akaendelea kugawa karibu na dirisha akitafuta mwanga. Insaf alimkasirikia. "Watoto wa watu hawarudi, na wewe unahesabu fito!" Siku hiyo peke yake hakuweka sahihi chini ya ukurasa.

Mhandisi mmoja wa kiwanda cha sukari alikuja kumposa Afkar. Mtu mwema, mwenye sauti ya chini. Afkar akamwambia mwakani. Mwakani ilipofika akamwambia tena mwakani, na yule bwana akaoa kwingine, mjini Mallawi. Mama yake alilia siku mbili. Afkar hakumwambia mtu sababu, na sababu ilikuwa nyepesi: asingeweza kumwachia mtu mwingine kazi ya kusoma namba zile, wakati yeye ndiye aliyejua mwisho uko wapi. Kila usiku alihesabu zilizobaki. Elfu nne. Elfu mbili na mia tatu. Mia sita. Na kila mwezi baba yake aliisogeza meza karibu zaidi na dirisha, akaipindua shingo ili aone kwa ule upande uliobaki mzima.

Siku yenyewe ilikuja Jumanne ya kipupwe, mwisho wa mwaka wa sitini na tisa. Asubuhi Afkar alishindwa kufundisha. Aliwapa wasichana zoezi akakaa akitazama ukuta. Alasiri alisoma namba tatu za kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha akaifikia ile, akaisoma kwa sauti ambayo aliifanyia mazoezi miaka mitatu.

"Milioni mbili, elfu sabini na moja, mia saba ishirini na tatu."

Baba yake akaandika. Afkar alisikia kalamu inakwenda, inasimama, inakwenda. Jikoni mama yake alikuwa anakata mboga ya mulukhiya, kisu kikigonga ubao. Afkar alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatalia, atajifanya ameshtuka.

"Baki milioni moja, mia nne arobaini na tatu elfu, mia nne arobaini na sita," baba yake alisema. "Mizani nane kwa nane. Imekubali. Inayofuata."

Afkar aliishika orodha, macho yake bado kwenye namba ileile.

"Inayofuata, mwanangu. Umelala?"

"Naona... nina kiu, baba. Nakuja."

Jikoni alichukua mfuko mtupu wa sukari na penseli ya mama yake ya kuandikia mahitaji ya sokoni, akagawa upesi. Sifuri. Labib hakukosea. Aliyekosea alikuwa mzee aliyekaa dirishani, na mizani yake imemkubalia uongo. Mama yake akamwuliza anaandika nini, akajibu hesabu za shule.

Angefanya nini? Angemwambia arudie, baba yake angeuliza kwa nini, maana hakurudia kamwe hesabu iliyokubaliwa na mizani. Angenyamaza, kesho baba yake angekuwa mbele yake kwa namba kumi, mwezi ujao mia tatu, na kila siku angeipa kisogo zaidi ile aliyokuwa akiitafuta, mpaka macho yafe. Angemtajia, angemnyang'anya kitu pekee alichokiomba maishani. Afkar alisimama pale akiwachukia wote: Labib, mizani, na yeye mwenyewe kwa kuuliza ukumbini.

Birika lilikuwa linachemka. Akamimina chai, akatia sukari vijiko vitatu na majani ya nanaa, akaibeba hadi kwenye meza. Akaimwaga.

"Jamani, Afkar!" Insaf alipiga kelele kutoka jikoni. "Mikono yako imefanya nini leo?"

"Imeniponyoka, mama. Nisamehe, baba. Nisamehe."

Ustadh Bayumi aliinua daftari, chai ikachuruzika juu ya suruali yake. Hakukasirika. Alichana ukurasa ule taratibu pembeni mwa uzi, akampa Insaf aukaushe kando ya jiko la mafuta ya taa, akafungua mpya. Na kwa kuwa hakunakili kamwe kutoka ukurasa wenye doa, alianza hesabu zote nne tangu mwanzo.

"Nisomee."

Afkar alisoma. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliposoma ya nne alifumba macho.

Kalamu ilikwenda muda mrefu. Kisha ikasimama, na haikwenda tena.

"Sifuri," baba yake alisema.

Insaf alisikia neno hilo, na ingawa hakujua hesabu alijua kwamba kwa miaka mitatu hakuna neno jingine lililosubiriwa katika nyumba yake. Akapiga vigelegele mpaka ngazini. Akatoka bila viatu kugonga milango ya majirani, akituma mtu alete sharubati ya waridi, akipaza sauti kwamba mume wake ameuvunja ua, Mungu mkubwa, ameuvunja ua! Afkar alimkumbatia baba yake. Alikuwa analia kweli, na hakujua ni kwa furaha au kwa hofu, maana mwili wa mzee ulikuwa umekaza kama kiti.

"Niletee ule ukurasa," alisema.

"Upi, baba?"

"Uliolowa."

Ulikuwa bado unanuka nanaa. Ustadh Bayumi aliuweka chini ya kioo chake cha kukuzia, akaushusha uso mpaka ndevu zikagusa karatasi, akafuata hesabu mstari kwa mstari kwa ukucha. Katikati ukucha ukasimama. Baki ya hapo ilikuwa laki nne, themanini na nane elfu, mia tatu na tano. Yeye alikuwa ameandika themanini na nane elfu na thelathini na tano. Sifuri kwetu ni nukta tu, na jicho lake lilikuwa limeiweka nukta mbele ya tatu badala ya nyuma yake. Tarakimu zilezile, zimebadilishana viti. Ukizijumlisha hupati tofauti, na ndiyo maana mizani ilikubali.

"Nilikuwa nimepita," alisema.

"Lakini umerudi, baba. Umeipata."

"Afkar." Hakuinua uso. "Miaka thelathini na saba nimeona chai ikimwagika juu ya mafaili. Kesi ya ardhi, chai. Kesi ya urithi, chai. Sijaona hata mara moja ikimwagika kwa bahati mbaya."

Ngazini watu walikwisha anza kupanda, wakicheka, wakimwita pasha.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Kairo. Nilimwuliza ukumbini."

"Miaka mitatu unanisomea."

"Ndiyo, baba."

"Na yule mhandisi?"

Afkar alianza kuipangusa chai mezani. Baba yake akafunga macho, akakaa hivyo, na majirani wakaingia na bilauri zao. Walimshika mkono mmoja mmoja. Aliwajibu wote kwa adabu, akawashukuru, akawauliza hali za watoto wao. Mtu asiyejua angeona mzee mpole aliyechoka kwa furaha. Afkar, aliyesimama nyuma ya kiti chake, alikuwa amewahi kumwona akipokea watu kwa namna ile ile mara moja tu, siku walipomzika bibi, mama wa mzee.

Walipohamia sebuleni kunywa, Afkar alipiga magoti karibu naye. Alikuwa amefikiria jambo moja, na alidhani ni zawadi.

"Baba, nisikilize. Lile jawabu ulilolipata ulipogawa, la tarakimu kumi. Bilioni tano na ushee. Hiyo ni tasa. Ingekuwa inagawanyika, kuna namba isiyofika hata elfu sabini na nne ingeigawa, na namba hiyo ingeigawa na ile ya moja kumi na saba pia. Na wewe hizo ndogo zote ulikwisha zijaribu, mwaka wa kwanza. Hakuna iliyogawa. Kwa hiyo umethibitisha namba tasa, kubwa, kwa mkono wako. Hii Labib hakuniambia. Hii sikuijua. Ni yako."

Alisikiliza mpaka mwisho. Afkar aliona kwamba ameelewa mara moja, pengine kabla yake.

"Imethibitishwa na nani?"

"Na wewe!"

"Na shahidi aliyekamatwa na uongo saa moja iliyopita." Alisema bila ukali. "Mahakama gani itamsikiliza, mwanangu? Nukta moja imenipita leo na mizani ikanicheka. Mwaka wa kwanza zimenipita ngapi?"

"Mwaka wa kwanza ulikuwa unaona."

"Nani aliandika kwamba nilikuwa naona?"

"Baba, nakuapia ni tasa."

"Najua ni tasa. Wewe ukisema, nakuamini." Aliupapasa uso wa Afkar, akakosa shavu, akashika sikio. "Lakini hapo ni wewe umesema. Ni ngapi zilizo chini ya elfu sabini na nne?"

"Kama mia nne na hamsini."

"Nisomee kuanzia mia na tatu."

"Wageni, baba. Kesho."

"Sasa."

Basi alianza upya usiku uleule wa sherehe yake, na majirani wakamwona kwa mlango ulio wazi wakadhani akili zimemruka kwa furaha. Hakutumia tena mizani ya tisa peke yake. Aliongeza ya kumi na moja, ambayo humkamata anayebadilisha viti. Kila hesabu ikamchukua mara mbili ya muda. Tano kwa siku, kisha tatu. Hakumwambia Afkar neno baya hata moja, na hilo ndilo lililomwumiza Afkar zaidi, angependa agombe. Siku moja tu alimwambia, wakati anakunja miwani, kwamba yule mhandisi alikuwa na sauti nzuri. Insaf aliacha utani wa mbuzi. Alimletea chai kwenye kikombe chenye kifuniko.

Mwezi wa Machi upepo wa vumbi ulifunga mji kwa siku sita, na mwanga ukaingia ndani ukiwa wa njano. Siku ya saba hewa ilikuwa safi, jua limejaa mezani.

"Elfu thelathini, mia saba na tatu," Afkar alisoma.

Baba yake akainama, akaanza kuandika. Aliandika kwa mkono wake uleule wa mahakamani, ulionyooka, usiotetemeka, tarakimu baada ya tarakimu. Alikuwa anaandika juu ya hesabu iliyotangulia. Mstari ulipanda juu ya mstari, nukta juu ya nukta, mpaka katikati ya ukurasa hapakuwa na kitu cha kusomeka ila wino. Akafika mwisho, akajumlisha kwa midomo, tisa kwanza halafu kumi na moja.

"Imekubali zote mbili," alisema, na usoni palikuwa na utulivu ambao Afkar hakuwa ameuona tangu ile Jumanne. "Zimebaki ngapi?"

"Chache, baba."

"Haya."

Afkar aliutazama ule wino. Akasogeza kidole chake chini katika orodha, akasoma inayofuata.